Sasa ya Bibi na Sasa Yetu: Mwanga na Wakati



Jumamosi moja muhula uliopita tulikuwa tukijifunza kusoma saa kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa hakuandika chochote siku hiyo. Kipindi kilipokwisha alinijia mezani. Bibi yake alikuwa amefariki Tanga wiki hiyo. Familia haikuweza kusafiri, kwa hiyo maziko waliyaangalia sebuleni, hapa London, kupitia simu aliyoshika binamu yao makaburini. Kule ilikuwa saa kumi alasiri, hapa saa saba mchana. Baadaye kaka yake akamwambia kwamba picha za simu huchelewa, na kwamba kila walichokiona kilikuwa kimeshapita.

Akaniuliza: "Mwalimu, nilikuwepo wakati bibi anazikwa, au niliona kitu kilichokwisha?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikamwambia nitaliandika. Kwa ruhusa yake na ya mama yake, nimeliandika hapa kwa ajili ya wote, maana karibu kila nyumba ya shule yetu ina mtu wa mbali anayeonekana kwenye kioo cha simu. Ni swali la fizikia, na ni swali la falsafa pia.

Jua ndilo saa yetu ya kwanza

Tuanze na somo la siku ile. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni kama saa nzima tangu kuche. Saa kumi na mbili jioni jua linakaribia kuzama, kisha hesabu huanza upya: saa moja usiku, saa mbili usiku. Hatukupotea kwa saa sita, kama watoto wetu wanavyodhani wanapofananisha saa ya Kiswahili na ya Kiingereza. Tumeanzia mahali pengine tu. Wenzetu huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza pale mwanga unapotokea.

Hesabu hii inafaa sana kwenye pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu iko karibu na ikweta. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka unauzidi ule mfupi kuliko yote kwa chini ya saa moja. Huku tuliko mambo ni mengine. London mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika chache asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Mwezi wa Juni, saa tatu usiku jua bado linawaka. Ndiyo maana watoto hucheka tunapowafundisha neno "usiku" huku nje kweupe. Saa imekuja nasi ughaibuni, lakini jua lake limebaki kule.

Basi tangu mwanzo mwanga na wakati vilikwenda pamoja. Mtu alijua saa kwa kutazama mwanga na kivuli. Hata leo, katika maabara za kisasa, bado tunafanya hivyo kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1967, sekunde moja hupimwa kwa kuhesabu mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho unaotoka kwenye atomu za seziamu. Mnururisho huo ni ndugu wa mwanga, ila macho yetu hayauoni.

Mwanga nao una safari

Ukiwasha taa, chumba chote huonekana kujaa mwanga mara moja. Kwa sababu hiyo wengi wa zamani, akiwemo mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, waliona kwamba mwanga hauhitaji muda kufika popote. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, hakukubali. Alisema mwanga husafiri na safari yake huchukua muda, ila muda huo ni mfupi mno kwa hisia zetu.

Ushahidi ulikuja mwaka 1676 kutoka kwa Ole Rømer, Mdenmark aliyefanya kazi Paris. Sayari ya Mshtarii ina mwezi uitwao Io, ambao huizunguka kila baada ya saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko huingia kwenye kivuli cha sayari hiyo kisha hutoka. Kwa mtu mwenye darubini, huo ni mfano wa saa iliyotundikwa mbinguni. Lakini saa hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu. Dunia yetu ilipokuwa ikienda mbali na Mshtarii, Io ilionekana kuchelewa, na dunia ilipokuwa ikiikaribia, Io ilionekana kuwahi. Rømer akawatangazia wanasayansi wa Paris kwamba tarehe 9 Novemba mwaka ule Io ingechelewa kutoka kivulini kwa dakika kama kumi. Ikawa hivyo.

Io yenyewe haikuwa imechelewa hata kidogo. Iliyochelewa ni habari yake, kwa kuwa mwanga ulikuwa na njia ndefu zaidi ya kusafiri.

Leo tunajua kwamba katika anga tupu mwanga husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Kutoka mwezini hadi kwetu huchukua sekunde moja na robo hivi. Kutoka kwenye jua huchukua kama dakika nane na sekunde ishirini. Kwa hiyo jua unaloliona likizama ni jua la dakika nane zilizopita.

Kilimia cha miaka 440

Miezi hii ya baridi, anga likiwa safi, tazameni juu jioni. Mtaona kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana. Hicho ni kilimia. Jina lake linatokana na kulima, kwani wazee walikitazama ili kujua msimu wa kuandaa mashamba. Hiyo nayo ilikuwa saa ya mwanga, saa ya mwaka mzima.

Nuru ya kilimia imesafiri takriban miaka 440 kabla ya kufika kwenye macho yako. Ilipoanza safari, Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, ilikuwa bado haijaanza kujengwa. Unapotazama kilimia unatazama enzi zile, na hakuna mtu duniani anayeweza kukiona jinsi kilivyo usiku huu.

Watoto huuliza: je, nyota hizo bado zipo? Wengi wamesikia kwamba nyota tunazoziona zimeshakufa. Kwa kilimia, karibu bila shaka zipo. Nyota huishi mamilioni na mabilioni ya miaka, na miaka 440 kwake ni kama siku moja kwetu. Hata hivyo, yapo mambo ya mbali tuliyoyaona yakiwa yameshakwisha. Februari 1987 nyota moja ilionekana ikilipuka katika kundi la nyota lililo jirani na letu. Magazeti yaliandika habari hiyo kama ya wiki ile. Lakini nyota hiyo ilikuwa imelipuka zaidi ya miaka 160,000 kabla, na nuru ya mlipuko wake ndiyo iliyofika wiki ile.

Simu za zamani na simu za leo

Sasa turudi duniani. Wazazi mliopiga simu nyumbani miaka ya tisini mtakumbuka: unasema "Shikamoo mama," kimya kidogo, unadhani laini imekatika, unarudia, na kumbe "Marahaba" ilikuwa njiani, mkagongana. Sehemu ya kimya kile ilitokana na mwanga wenyewe. Mawimbi ya redio ni aina ya mwanga na husafiri kwa kasi ileile. Simu nyingi zilipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, yaani karibu robo ya sekunde. Jibu nalo lilitumia robo nyingine. Nusu sekunde ni ndogo kwenye saa ya ukutani, lakini katika maongezi inatosha kuwafanya mama na mwana wakatizane.

Mwaka 2009 nyaya za kioo za chini ya bahari zilianza kuiunganisha pwani ya Kenya na Tanzania na dunia. Ndani ya nyaya hizo, sauti na picha husafiri zikiwa mwanga halisi, kwa kasi ya kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa kuwa kioo hupunguza mwendo wake. Kutoka Tanga hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000. Hata tukiongeza mizunguko ya baharini, safari ya mwanga haifiki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni muda unaolingana na kupepesa jicho.

Kwa hiyo kaka mtu hakusema uongo, picha huchelewa. Simu na mitambo ya mtandao nayo huongeza ucheleweshaji wake, pengine sekunde moja au mbili. Lakini sehemu inayodaiwa na mwanga ni ndogo sana.

Je, kuna sasa moja kwa wote?

Mtu anaweza kusema: sawa, habari huchelewa, lakini hebu tuondoe ucheleweshaji huo kwa hesabu. Je, hatutabaki na "sasa" moja, iliyo sawa kwa kila mtu? Karibu wanasayansi wote waliamini hivyo hadi mwaka 1905, pale Albert Einstein, aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alipoonyesha kuwa jambo si rahisi namna hiyo.

Fikirieni treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, tena ikienda kwa kasi kubwa mno, kasi ambayo hakuna treni inayoifikia. Katikati ya behewa kuna taa. Milango miwili, wa mbele na wa nyuma, hufunguka yenyewe ikiguswa na mwanga. Taa inawashwa. Abiria aliyeketi katikati anaona milango yote miwili imefunguka kwa pamoja, kwani umbali ni sawa pande zote.

Sasa simama kwenye stesheni, treni inapita. Kwa macho yako, mlango wa nyuma unausogelea mwanga, na mlango wa mbele unaukimbia. Jambo la kushangaza, lililothibitishwa kwa majaribio mengi, ni kwamba kasi ya mwanga ni ileile kwako na kwa abiria. Treni haiuongezei mwanga mwendo. Basi kwako wewe mlango wa nyuma umefunguka kwanza, kisha wa mbele, hata baada ya kufanya hesabu zote za ucheleweshaji.

Nani amekosea? Hakuna. "Kwa pamoja" ya abiria si "kwa pamoja" ya aliye stesheni. Kila mmoja ana sasa yake, kufuatana na mwendo wake.

Einstein alionyesha pia kwamba saa inayosafiri huenda polepole ikilinganishwa na iliyotulia, na baadaye akaonyesha kwamba saa iliyo juu, ambako uvutano wa dunia ni hafifu, huenda haraka kidogo. Oktoba 1971, wanasayansi wawili wa Marekani, Hafele na Keating, walipakia saa za atomiki kwenye ndege za abiria wakaizunguka dunia, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Waliporudi, saa zao zilitofautiana na zile zilizobaki chini kwa makumi hadi mamia ya sehemu za bilioni ya sekunde, kwa kiasi kilichokaribiana na makadirio ya hesabu.

Jambo hili mnalitumia kila siku. Ramani ya simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu, na hujua ulipo kwa kupima muda ambao mawimbi hayo yamesafiri. Saa za setilaiti hizo zingetangulia saa zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku kama zisingerekebishwa. Ni kidogo, lakini katika muda huo mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11. Bila hesabu za Einstein, ramani ingekupeleka mtaa mwingine kabisa.

Wanafalsafa wanasemaje?

Kabla ya vipimo hivi watu walikuwa wameshatatizwa na neno "sasa". Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 mahali palipo Algeria ya leo, aliona kwamba wakati tunaujua vizuri mpaka tuulizwe ni nini. Yaliyopita hayapo tena. Yajayo hayajakuwepo. Na sasa yenyewe, ukiikatakata, inakuwa nyembamba mpaka haina upana wowote. Basi tunapimaje muda? Jibu lake ni kwamba tunaupima nafsini: kwa kumbukumbu ya yaliyopita, uangalifu wa yaliyopo na matarajio ya yajayo.

Mkenya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyeishi miaka mingi Uswisi, alilitazama jambo hili kutoka kwetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya maneno ya kifalsafa. Sasa ya Mbiti si nukta. Ni pana: ina jana iliyo karibu, leo, na kesho iliyo karibu. Zamani ni bahari kubwa ambamo mambo yote huishia. Mtu akifa, aliandika Mbiti, hatoki katika Sasa papo hapo. Maadamu wapo waliomjua wanaomkumbuka kwa jina, yeye bado yumo. Anazama katika Zamani pale anapoondoka wa mwisho wa hao.

Mbiti alisema pia kwamba Waafrika, kwa desturi yao, hawakuwa na wazo la wakati ujao ulio mbali. Hapo wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga, mmoja wao Kwame Gyekye wa Ghana. Nasi tunaweza kuuliza lugha yetu. Baada ya leo tuna kesho, kisha keshokutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Si lugha nyingi zenye jina la siku ya nne ijayo. Lakini hata anayempinga Mbiti kuhusu kesho anaweza kukubaliana naye kuhusu upana wa sasa. Vijana wetu husalimiana "Sasa?" na hakuna anayejibu kwa kutaja sekunde. Anajibu habari za siku zake.

Jibu langu

Mwanangu, ulipouliza kama ulikuwepo, nilifikiri kwanza juu ya waliosimama makaburini. Aliyekuwa mita tatu kutoka kaburini, mwanga ulichukua sehemu kumi za bilioni ya sekunde kumfikia. Kisha macho na ubongo wake vikachukua muda mrefu kuliko huo kutambua alichokiona. Kwa hiyo naye, kwa hesabu, aliona kilichopita. Hakuna binadamu anayeona jambo kabla habari yake haijasafiri. Tofauti kati yako na binamu yako ni ya kipimo tu, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mitambo.

Na hapa duniani, ambako umbali ni mdogo kwa mwanga, sasa ya Tanga na sasa ya London zinakaribiana mno. Ukilinganisha na kilimia, wewe na bibi mlikuwa chumba kimoja.

Sitakudanganya kwamba kuangalia kwa simu ni sawa na kuwepo. Hukushika udongo, hukumkumbatia mama mkubwa. Hilo ni pengo la mahali, na ni haki yako kulisikitikia. Lakini wakati haukukupita. Bibi alipokuwa akizikwa, wewe ulikuwa pamoja na wengine katika sasa ileile. Na kama Mbiti yuko sahihi, kila unapomtaja bibi kwa jina, sasa hiyo bado haijafungwa.

Ya kufanya nyumbani

1. Jioni moja isiyo na mawingu, tafuteni kilimia. Hapa Uingereza, anzeni na nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Fuateni mstari huo kwenda juu kulia, mtapita nyota yenye rangi ya machungwa, kisha mtakiona. Saa moja usiku kwetu ni saa nne usiku Tanga, Mombasa na Unguja. Mpigieni simu ndugu aliye huko, naye akitafute. Nuru mtakayoiona nyote iliondoka pamoja.

2. Kwa wiki moja andikeni saa ya jua kuchomoza na kuzama hapa, na huko nyumbani, kwa saa za Kiswahili. Jumamosi tutalinganisha.

3. Mwulizeni mzazi alivyokuwa akiwasiliana na nyumbani alipofika nchi hii: barua, kadi za simu, kanda za sauti. Habari ilichukua muda gani kufika? Andikeni sentensi tano.

Maneno ya wiki

Kilimia: kifungu cha nyota kilichotumiwa kujulia msimu wa kulima.
Mshtarii: sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu.
Mnururisho: nguvu inayosafiri kama mwanga, inayoonekana au isiyoonekana.
Mtondo: siku inayofuata keshokutwa.
Mtondogoo: siku inayofuata mtondo.